Corolla 110 otomatiki: mshale wa spidi umelala, gia zinagoma kupanda

Mwenye swali
Wakuu, gari ni Toyota Corolla 110, injini 5A, otomatiki ya gia 4. Mshale wa spidi ulianza kurukaruka, sasa umelala kwenye sifuri na kilomita hazihesabu. Tangu hapo gia zinachelewa kupanda, zikipanda zinapiga teke, na taa ya O/D OFF (ya kuzimwa kwa gia ya juu, overdrive) inamweka. Geji za mafuta na joto zinasoma kawaida. ATF (mafuta ya giaboksi) ipo kwenye alama, nyekundu, hainuki kuungua. Gereji wanasema giaboksi imekwisha. Nianzie wapi?

Jibu la 1
Usinunue giaboksi bado. Kompyuta ya gari hupanga gia kwa kulinganisha spidi ya gari na unavyokanyaga mafuta. Spidi ikipotea, inabahatisha. Fyuzi ya geji iache, ingekatika hata geji ya mafuta ingelala.

Soma kodi (namba za hitilafu) kwanza, haihitaji mashine. Unganisha kwa waya pini za TE1 na E1 kwenye kiboksi cha DIAGNOSTIC chini ya boneti, weka swichi ON bila kuwasha injini, hesabu taa ya O/D OFF inamweka mara ngapi. Mara 4, kituo, mara 2 ni 42: hitilafu ya ishara ya spidi. Ukikuta 62 au 63, hizo ni solenoidi za gia (vali za umeme zinazobadili gia). Nzima husoma ohm 11 hadi 15.

Ikiwa 42, nenda kwenye sensa ya spidi juu ya giaboksi, upande wa difu (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu), yenye waya tatu. Chomoa plagi, swichi ON: waya mmoja uwe na volti za betri, wa pili ethi (waya wa bodi), wa tatu volti 5 au zaidi kutoka dashibodi (paneli ya geji). Rudisha plagi, zuia magurudumu ya nyuma, gia N, inua gurudumu MOJA tu la mbele. Mtu alizungushe polepole huku unapima waya wa ishara. Volti zipande na kushuka. Ukiinua yote mawili, la pili litazunguka kinyume, difu itatulia, na sensa utaihukumu bure.

Jibu la 2
Sensa ikikaa kimya, fungua bolti yake uangalie kigia cha plastiki. Meno yakilika, sensa haizungushwi hata kama yenyewe ni nzima, na mshale kurukaruka kabla ya kufa ni dalili yake. Kipya kiwe na meno idadi ileile, la sivyo spidi itadanganya. Weka oringi (pete ya mpira) mpya, ipake ATF.

Sensa ikitoa ishara na mshale haujainuka, shida iko mbele: ishara hupitia dashibodi ndipo ifike kwenye kompyuta. Toa dashibodi, kagua solda za pini kwa tochi. Ufa mwembamba unaozunguka pini unatosha kuua mshale na kuvuruga gia pamoja.

Jibu la 3
Wenye Toyota za baadaye zenye ABS (breki zinazozuia magurudumu kufunga), msifuate hatua hizi kichwakichwa. Nyingi huchukua spidi kwenye sensa za magurudumu. Taa ya ABS ikiwaka pamoja na mshale kulala, anzieni kwenye waya za magurudumu.