Vidole vya mama vinafa ganzi na kubadilika rangi: tuanze na kipimo gani?

BintiSahare
Habari za jioni ndugu zangu. Mama yangu ana miaka 54, anapanga samaki kwenye barafu pale diko la Sahare, Tanga, tangu nikiwa mtoto. Huu mwaka wa tatu vidole vikigusa barafu vinapauka, vinageuka vya samawati, halafu vinawaka kama vimepakwa pilipili. Siku hizi ngozi ya vidole inakaza, pete ya ndoa haivuki kifundo. Daktari anahisi skleroderma, ugonjwa unaokaza ngozi na kuharibu vishipa vya damu, ametaka mzunguko wa damu mikononi uangaliwe. Nimetajiwa kapilaroskopi, kamera ya joto, laza na angiografia. Nauli ya Dar tutaichanga mara moja tu. Tuanze na kipi?

MuuguziPongwe
Pole mdogo wangu, mfikishie mama shikamoo yangu. Mimi nasema kapilaroskopi, bila kusita. Tone la mafuta linawekwa pale ngozi inapokutana na ukucha, kisha daktari anachungulia kwa lenzi. Haiumi. Vishipa vya mtu mzima wa afya vimejipanga kama pini za nywele, 7 au zaidi kwa kila milimita. Skleroderma ikianza, baadhi hutanuka sana na vidoa vya damu huonekana kando yake. Ikikomaa, vishipa hupotea na kubaki uwazi.

Na kuna sababu nyingine. Vigezo vya kimataifa vya mwaka 2013 vya kuutambua ugonjwa huu vinahitaji alama 9. Vidole kubadilika rangi kwa baridi ni 3, ngozi ya vidole kukaza hadi vifundoni ni 4, vishipa vya ukucha vyenye hitilafu ni 2. Jumlisha mwenyewe uone kwa nini kwa mama yako kipimo hiki ni kizito. Uamuzi unabaki wa daktari.

Mdigo_wa_Mbali
Niko Manchester, nina ugonjwa huohuo, nimepitia kamera ya joto. Unakaa kama dakika 20 kwenye chumba cha nyuzi 23 mpaka mwili utulie. Halafu mikono inavalishwa glavu na kuzamishwa kwenye maji ya nyuzi 15 kwa dakika moja. Baada ya hapo kamera inafuatilia joto likirudi. Kwenye skrini viganja vyangu vilikuwa vyekundu na vidole vyeusi kabisa, kana kwamba vimekatwa. Nililia. Ila jueni kwamba inapima joto la ngozi, si damu yenyewe. Inafaa kuona kama dawa inasaidia. Kujua ugonjwa ni upi, namuunga mkono muuguzi.

Fundi_Picha
Laza ndiyo inayofuata damu yenyewe, maana mwanga wake hubadilika ukigonga chembe zinazotembea. Ile ya Dopla, inayopitia mkono nukta kwa nukta, huchukua dakika kadhaa na mkono usitikisike. Ile ya spekeli, inayosoma madoadoa ya mwanga, hupiga mkono mzima kwa sekunde. Lakini hutumika zaidi kwenye utafiti. Dada, usiisafirie.

BibiChumbageni
Angiografia iacheni kwanza. Ni mpira ndani ya mshipa, dawa ya kung'arisha na eksirei, na figo za mgonjwa wa skleroderma zinahitaji uangalifu. Hufikiriwa pale kidole kinapotishia kufa. Hata hapo, ultrasaundi ya Dopla ya kifundo cha mkono, yaani mawimbi ya sauti yanayoonyesha damu ikipita, itangulie, maana mshipa mkubwa wa upande wa kidole kidogo huweza kuziba. Mwanangu, ncha ya kidole ikiwa nyeusi au ikitoka kidonda, msingoje nauli. Hospitali siku hiyohiyo.

MuuguziPongwe
Nimesahau jambo, na kwetu Tanga ni kubwa: hina! Mama asipake hina wala piko kwenye kucha na pembeni yake, rangi itaficha vishipa. Asikwangue wala kukata ngozi ya shina la ukucha wiki kadhaa kabla. Na mwambieni daktari kazi yake, kwa sababu magamba na miiba ya samaki huchubua palepale panapotazamwa. Ndiyo maana huangaliwa vidole vinane, sio kimoja.

BintiSahare
Ahsanteni sana, nimemsomea mama neno kwa neno. Daktari wa ngozi tuliyempigia anacho kilenzi cha mkononi, anasema kinatosha kuanzia. Tutakwenda baada ya wiki nne, mikwaruzo ikishapona. Barafu nimeichukua mimi tangu leo asubuhi. Harusi ya mpwa wangu ni Ijumaa, na mama amekubali hina ikae kiganjani tu, vidole viachwe.