Malighafi gani zinafaa kwa mbolea ya punje, mashine ya pipa la kuzunguka?

mkulima_babati
Habari zenu wakuu. Niko Babati, kikundi chetu tunataka kuanza kutengeneza mbolea ya punje kwa mashine ya pipa la kuzunguka. Samadi ya kuku ipo nyingi, fosfeti ya Minjingu (mwamba wa fosforasi wa mgodi wa Minjingu) iko jirani, majivu ya pumba za mpunga tunapata bure Magugu. Tumewaza tuchanganye vyote halafu tutie na urea ili naitrojeni ipande. Je vitashikana? Na kipi tuache kabla hatujatoa hela?

fundi_punje
Mkuu pipa halikandamizi kitu, linabingirisha tu, punje inakua kwa unga laini kunatana na maji, kwahiyo cha kwanza angalia ulaini. Minjingu ukiipata iliyosagwa uko vizuri. Shida itakua kwenye samadi, ile ya mabanda ya kuku wa nyama imejaa maranda na maranda hayashikani, punje inapasuka ikikauka tu. Ivundisheni kwanza mpaka lundo lipoe lenyewe, muianike, msage, mchekeche kwa wavu wa milimita 1 hivi. Mbichi msiingize kabisa, ina vimelea na harufu yake wateja watawakimbia.

mama_shamba
Naongezea hapo, majivu na urea msiviweke pamoja jamani!! Samadi ya kuku yenyewe tayari inavunja urea ikipata unyevu, ukiongeza majivu ambayo ni ya alikali ndo naitrojeni inapaa hewani kama amonia, hela yenu hiyo inaondoka mnaiona. Halafu majivu ya pumba karibu yote ni silika, yanakwaruza kama mchanga na potasiamu yake kidogo, ni bora mnunue MOP, mbolea ya chumvi ya potasiamu, ina 60% ya K2O (ndo kipimo cha potasiamu kwenye mbolea). Urea wauzieni wakulima kivyake, wakuzie mazao.

mkulima_babati
Asante sana dada, majivu na urea tunatoa. Sasa gundi tutumie nini?

fundi_punje
Udongo wa mfinyanzi uliosagwa laini, au molasesi ya viwanda vya sukari, Moshi hapo TPC si mbali. Molasesi izimuliwe na maji mnyunyize kidogo kidogo, ikizidi mchanganyiko unaganda kwenye kuta za pipa na punje zitavuta unyevu stoo. Kipimo rahisi finya mkononi, likae donge bila kutoa maji. Lengeni punje za milimita 2 mpaka 4, zilizobaki ndogo au kubwa zirudi kusagwa.

mama_shamba
Na pimeni pH ya mashamba ya wateja wenu, fosfeti ya Minjingu inayeyuka vizuri kwenye udongo wenye asidi, kwenye udongo wa magadi mkulima haoni kitu atasema mbolea yenu feki. Usajili wa TFRA (mamlaka ya udhibiti wa mbolea Tanzania) pia uanzeni mapema, msiuze bila huo.