Kufutiwa leseni bila kusikilizwa, tena kwa ubaguzi: Marekani ni hoja moja au mbili?

Kihesa_Juu: Kamwene wakuu. Kikundi chetu hapa Iringa kina zoezi la katiba linganishi. Mji mmoja wa Marekani umefuta leseni za wauza matunda 20 bila kuwaita wala kuwaandikia. Wote 20 ni wahamiaji. Wauzaji wenyeji hawajaguswa. Wenzangu wanataka hoja moja tu, kwamba wameonewa kinyume cha Marekebisho ya 14 ya Katiba ya Marekani. Inatosha? Na Ibara ya 13 ya Katiba yetu ya Tanzania inaingiaje?

Wakili_Uyole: Haitoshi, ndugu. Marekebisho ya 14 (1868) yanabeba maswali mawili. La kwanza: ulimsikiliza kabla ya kumnyang'anya? La pili: kwa nini huyu na si yule? Mkiyachanganya, mtapoteza yote mawili.

Kwa lile la kwanza, anzeni kuonyesha kwamba aliyetenda ni serikali. Mji ni mkono wa jimbo, kwa hiyo mmepita. Soko lingekuwa la mtu binafsi, shauri lingefia hapo. (Serikali ya shirikisho inabanwa na Marekebisho ya 5.) Kisha onyesheni kilichochukuliwa ni uhai, uhuru au mali. Hapa ndipo wanafunzi wengi huanguka. Leseni huwa mali pale sheria inaposema haifutwi bila sababu maalumu. Matumaini ya kupewa si mali: katika kesi ya Mahakama ya Juu ya Marekani, Board of Regents v. Roth (1972), mwalimu wa mkataba wa mwaka mmoja alishindwa kwa sababu hiyo. Someni sheria ndogo ya mji huo neno kwa neno.

Baada ya hapo ndipo mnauliza asikilizwe kwa kiasi gani. Mathews v. Eldridge (1976) inapima uzito wa anachopoteza mtu, hatari ya kukosea na faida ya kuongeza utaratibu, pamoja na maslahi na gharama za serikali. Si lazima iwe kesi kamili. Kwa mwanafunzi anayesimamishwa siku zisizozidi 10, Goss v. Lopez (1975) iliridhika na kuambiwa tuhuma na kupewa nafasi ya kujieleza.

Angalieni pia nafuu, yaani kile ambacho mahakama itawapa mkishinda. Mkishinda hapa peke yake, mji unaweza kuwaita, kuwasikiliza, kisha ukafuta leseni zilezile. Mlalamikaji asipothibitisha madhara halisi, Carey v. Piphus (1978) inampa dola moja tu.

Sheria_Mwanjelwa: Ndiyo maana hoja ya pili ndiyo yenye meno. Shikeni Yick Wo v. Hopkins (1886). San Francisco ilitaka kibali kwa madobi wa majengo ya mbao. Sheria haikumtaja Mchina, lakini maombi ya Wachina kama 200 yalikataliwa, na ya wasio Wachina kama 80 yakakubaliwa isipokuwa moja. Mahakama ikasema kinga ni ya kila mtu, si ya raia peke yake.

Jimbo likibagua kwa rangi au kwa kutokuwa raia, kwa kawaida mzigo wa kujieleza unahamia serikalini, na ni mzito (Graham v. Richardson, 1971). Likitofautisha aina za biashara tu, mzigo unabaki kwenu na mtashindwa mara nyingi. Lakini idadi pekee haithibitishi: tangu Washington v. Davis (1976) lazima muonyeshe nia ya kubagua. Tafuteni mwenyeji mwenye kosa lilelile aliyeachwa.

Wakili_Uyole: Kwa Ibara ya 13, kusikilizwa kumo katika 13(6)(a). Msikose kesi ya Mbeya-Rukwa Autoparts: Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilisema haki asili (kama kusikilizwa kabla ya kuhukumiwa) si kanuni iliyorithiwa kwa Waingereza tu, hapa kwetu ni haki ya msingi ya kikatiba. Ubaguzi umo 13(2) hadi (5), na tofauti na Marekani, 13(5) inataja misingi yenyewe: utaifa, kabila, pahala walipotokea, dini, jinsia na mingineyo.

Kihesa_Juu: Asante sana wakuu. Tukikosa ushahidi wa nia?

Sheria_Mwanjelwa: Iachieni hoja ya kusikilizwa ibebe shauri, kwa kuwa yenyewe haihitaji kuthibitisha ubaguzi. Hakikisheni tu leseni ni mali.