Hisahito wa Japani: ana bahati au kafungwa?

Mtu wa Pangani
Wadau, habari za jioni. Yule kijana wa Japani, Hisahito, mtoto wa mdogo wake Mfalme Naruhito, Septemba 2025 kafanyiwa sherehe ya utu uzima siku aliyotimiza miaka 19. Kavalishwa ile kofia nyeusi ya kale, mambo ya kifalme kwelikweli. Mara ya mwisho sherehe ya hivyo ilikuwa ya baba yake, 1985. Kwenye foleni ya kiti cha ufalme yupo baba yake, Akishino, yupo yeye, halafu babu Hitachi, mdogo wa babu yake, aliyezaliwa 1935. Foleni imeishia hapo. Sasa kijana huyu hana kura, hana jina la ukoo, hawezi kusema "mimi basi", na akitaka kuoa baraza la watu 10 likae kwanza, mwenyekiti waziri mkuu. Huyo ana bahati au kafungwa?

Kaptula Khaki
Kifungo cha kwenye kasri? Nifungeni mimi, tena maisha. Halafu mnajua anasoma nini pale Chuo cha Tsukuba? Kereng'ende! Nchi ya Toyota, mfalme mtarajiwa anakimbiza wadudu kwa kiwavu. Hiyo nayo ni fani?

Bint Mkokotoni
Mleta mada umeanzia katikati. Mfalme Naruhito ana mtoto, anaitwa Aiko, kazaliwa 2001, kamaliza chuo, kaajiriwa Msalaba Mwekundu. Hayumo kwenye foleni kwa sababu ni mwanamke, sheria ya 1947 ndivyo isemavyo. Mzigo wote kabebeshwa binamu yake. Angeruhusiwa Aiko, huyo kijana angekaa na wadudu wake kwa amani.

Maabara ya Kata
Kaptula, "hiyo nayo ni fani" umemwambia nani? Nimefundisha baiolojia tangu hujajua kufunga kamba za viatu. Babu mzaa babu yake, Hirohito, alikuwa mtaalamu wa viumbe vya baharini. Babu yake Akihito kaandika utafiti wa samaki wadogo mpaka wapo waliopewa jina lake. Baba yake kachukua udaktari kwa kuku. Na kijana mwenyewe, pamoja na wenzake, katoa utafiti wa kereng'ende wa viwanja vya kifalme vya Akasaka mwaka 2023 akiwa bado sekondari. Wewe sekondari ulitoa nini zaidi ya udhuru?

Kaptula Khaki
UDAKTARI WA KUKU 😂😂 Mwalimu umenimaliza. Mama yangu kafuga kuku miaka yote, tumwite profesa?

Maabara ya Kata
Mama yako namheshimu. Aliyeharibikiwa ni mtoto.

Ngege wa Dunga
Tusitukanane kwa kuku. Ila la samaki ni kweli: huyo babu Akihito ndiye aliyewapelekea Thailand sato. Walipewa kama mia hivi, leo wanakula nchi nzima.

Maabara ya Kata
Hamsini, mwaka 1965, kwa Mfalme Bhumibol. Na samaki asili yake Afrika, ndiyo ujue sayansi inatembea.

Ngege wa Dunga
Kumbe samaki wetu! Na shukrani hatukupewa?

Mzee Kijiti
Nawaacha na samaki wenu. Bint Mkokotoni, mambo ya watu yana mila yake. Ule ukoo umeshika upande wa baba tangu zamani sana. Wanawake wanane walitawala, nakubali, lakini kila mmoja alikuwa wa ukoo kwa baba. Aiko akizaa na mtu wa nje, mtoto ni wa nani? Binti akiolewa keshakuwa wa kwao mume. Hata kwetu ndivyo.

Bint Mkokotoni
"Keshakuwa wa kwao mume"? Babu, mimi nimeolewa na namuuguza baba yangu, kaka zangu wanatuma salamu za sikukuu. Usiniambie mimi wa nani.

Na hiyo mila yenu ya baba ilisimama kwa masuria. Mfalme Taisho hakuzaliwa na malkia, alizaliwa na suria. Masuria wameondoka, sharti la kiume limebaki. Mnategemea nini?

Mzee Kijiti
Binti yangu, sikukusudia wewe. Ila ukali wako unathibitisha hoja yangu.

Bint Mkokotoni
Hoja ipi?

Sauti ya Pwani
Ngojeni. Si walikuwa wanabadilisha sheria 2006?

Bint Mkokotoni
2005. Jopo la waziri mkuu Koizumi lilipendekeza wanawake waruhusiwe. Februari 2006 ikatangazwa Kiko, mkewe Akishino, ni mjamzito, Septemba kazaliwa Hisahito, mwanamume wa kwanza katika ukoo baada ya miaka 41. Karatasi zikarudi kabatini. Mtoto hajatambaa keshatumika kuwafungia mlango dada zake. Oktoba 2024 kamati ya Umoja wa Mataifa ikawashauri tena, wakakasirika, Januari 2025 wakasema pesa zao zisitumike huko.

Kaptula Khaki
Dada yake mkubwa si alikwenda zake New York? Basi naye aende.

Mtu wa Pangani
Ndiyo nilichouliza! Mako aliolewa na raia wa kawaida 2021, akatoka ukoo kama sheria isemavyo, akakataa malipo ya kuagwa, akaondoka. Mlango wa ndoa ni wa mabinti tu. Hisahito akioa anamwingiza mwenzake ndani. Na 2019, akiwa shule ya kati, mtu alijifanya fundi, akaingia mpaka darasani akaacha visu kwenye dawati lake. Bahati yenu hiyo.

Kaptula Khaki
Visu sikuvijua. Lakini mke hatakosa, nani amkatae mwana wa mfalme?

Bint Mkokotoni
Masako, mkewe Naruhito, mwanzo alimkataa. Kasoma Harvard, alikuwa mwanadiplomasia, alijua anachoacha. Akakubali, wakaoana 1993, akasakamwa kwa mtoto wa kiume mpaka 2004 ikatangazwa anaugua kwa msongo. Na enzi zake Akishino alikuwepo kama akiba. Atakayeolewa na Hisahito hana akiba yoyote, babu Hitachi hana mtoto. Kaptula, wewe una binti. Akiletwa mshenga kutoka Tokyo, unamjibu nini?

Kaptula Khaki
Namuuliza mahari kwanza.

Maabara ya Kata
Watakuletea kuku.