Mdogo wangu kamaliza VETA umeme, kazi hapati

Mama Irene:
Habari za jioni wakuu. Mdogo wangu kamaliza umeme wa majumbani, cheti cha NVA Level II anacho. Kazunguka na barua viwandani na kwa wakandarasi hapa Mbeya, kote anaulizwa uzoefu. Sasa huo uzoefu ataupatia wapi? Baba Irene anasema arudi chuo amalizie Level III. Mnashaurije?

Msafiri88:
Afuatilie matangazo ya uanagenzi ya serikali. Na TIN, namba ya mlipa kodi, achukue TRA, ni bure.

Fundi Uyole:
Dada, barua aziweke pembeni kwanza. Vijana wa vyuo wanapita sana saiti kwangu na kasoro yao ni moja: waya wanajua, hesabu hawajui. Soketi anafunga safi, pengine kunishinda. Mwenye nyumba akimuuliza "vifaa vyote bei gani?" anabaki kujikuna kichwa. Chuoni vifaa vinatoka stoo, nani alimtuma kuulizia roli ya waya sokoni Mwanjelwa?

Mkalishe leo. Mwambie apigie hesabu nyumba yako hiyo hiyo: waya za unene wa 1.5 za taa, za 2.5 za soketi, bomba, boksi, mein swichi, fimbo ya ethi (ile ya kupeleka umeme unaovuja ardhini), mpaka misumari. Kesho azunguke madukani aandike bei. Akija kwangu na karatasi hiyo namsikiliza. Akija na cheti peke yake, atasubiri.

Halafu ajishikize kwa mwenye leseni ya EWURA, wale wanaosimamia nishati na maji. TANESCO hawaungi nyumba mpya bila fomu ya mkandarasi mwenye leseni, kwa hiyo kazi za mtaani lazima zipite kwa hao. Mwanzo atapewa nauli na chakula, sawa. Wiki chache lakini! Anayekufanyisha bure mwaka mzima, huyo anakunyonya tu.

Dulla wa Soweto:
Shemeji yangu alianzia kuuza duka la vifaa vya umeme. Mafundi wote wakamjua, bei zote kichwani.

Fundi Uyole:
Huyo alicheza kama Pele.

Mama Irene:
Ahsante fundi. Na Level III?

Fundi Uyole:
Asome, ila huku anafanya kazi. Hata EWURA kwenye leseni wanaangalia cheti pamoja na uzoefu. Na asingoje masika, kiangazi ndio watu wanajenga.

Mama Irene:
Nimemkalisha, kajaza kurasa mbili. Ethi kasahau.

Fundi Uyole:
Wengi wanaisahau. Aje nazo Jumatatu saa moja asubuhi, avae viatu vya kufunika, sio kandambili.