Spyrer: wana wa makabaila wataingiaje katika kampeni ya Necromunda bila kuiharibu?

Mwamuzi wa Alhamisi aliuliza:

Salamu, wanajukwaa. Ninasimamia kampeni ndogo, yaani mfululizo wa mapambano, ya Necromunda, ule mchezo wa mezani wa magenge ya sanamu ndogo na dadu, yenye wachezaji watano. Tunatumia kanuni za toleo la kwanza la mwaka 1995 pamoja na nyongeza ya Outlanders iliyotoka mwaka 1996, kwa kuwa ndizo tulizo nazo na ndizo tulizozizoea. Magenge yetu hadi sasa ni ya kawaida: Orlock wawili, Escher mmoja, Delaque mmoja, na Goliath mmoja ambaye tangu tuanze hajaonja ushindi. Juma lililopita mmoja wa wachezaji wa Orlock, baada ya kiongozi wa genge lake kufa, aliniomba aanze upya na kikosi cha Spyrer.

Kwa asiyewafahamu, hawa ni vijana wa koo za kikabaila zinazoishi kwenye kilele cha jiji la Hive Primus, juu ya mawingu ya moshi, ambako chakula ni kingi na kazi hakuna. Familia zao huwavisha mavazi ya kuwindia yenye nguvu za ajabu, kisha huwashusha hadi Underhive, kule chini kabisa penye giza na vifusi, wakawawinde watu. Hakuna kisasi wala njaa inayowasukuma. Ni mchezo kwao, na pia ni mtihani wa kuthibitisha kwamba wanastahili nafasi yao huko juu.

Nina mashaka mawili. La kwanza ni kwamba hawaingii katika uchumi wa kampeni: hawamiliki eneo, hawachumi, hawanunui kitu sokoni, na sisi wengine baada ya kila pambano tunakaa nusu saa tukihesabu fedha na kubishania bei ya bunduki. La pili ni kwamba mavazi yao huongezeka nguvu kadiri wanavyopigana, nami nahofia kwamba tukifika pambano la kumi hatapatikana mtu wa kukaa nao meza moja. Je, niwaruhusu? Na nikiwaruhusu, niwabane vipi pasipo kuwanyang'anya ladha yao?

Mzee wa Outlanders alijibu:

Ndugu mwamuzi, waruhusu, lakini usiwaingize kama genge la kawaida. Nilichezesha kampeni mbili zilizokuwa na Spyrer. Ya kwanza iliharibika kwa sababu niliwatendea sawa na wengine wote, nikawaweka kwenye ratiba moja na kuwaacha waendelee bila kikomo. Ya pili ilikwenda vizuri kwa sababu nilikumbuka jambo lililomo katika hadithi yao ambalo wachezaji wengi hulipita haraka, nalo ni kiapo. Kijana wa kilele hashuki chini kuishi huko. Hushuka akiwa ameapa kukaa kwa muda maalumu au kuua idadi maalumu, na kabla ya kutimiza hilo mlango wa nyumbani umefungwa. Akishatimiza, hurudi zake juu, huoga, na hadithi yake ya Underhive inakuwa kisa cha kusimulia mezani.

Kwa hiyo kikomo unachokitafuta kimo tayari ndani ya hadithi, huna haja ya kubuni kingine. Mwambie mchezaji wako aandike kiapo chake kabla ya pambano la kwanza, akisome kwa sauti mbele ya wote, na karatasi ibaki mezani. Mimi nilipanga mapambano manane. Baada ya hapo kikosi kiliondoka kwenye kampeni, kimeshinda au kimeshindwa, na aliyekuwa akikichezesha alirudi na genge la kawaida, nami nikampa eneo moja la ziada kama fidia. Utaona namna watu wanavyobadilika wanapojua kwamba mwindaji ana siku zake. Yule aliyekuwa akilalamika kwamba adui hashindiki anaanza kuhesabu: yamebaki matatu, nikijificha vizuri nitamwona akiondoka.

Kuhusu nguvu, tazama pia upande wa pili wa mizani. Genge lenye thamani ndogo likikabili lenye thamani kubwa, kanuni zinalipa ziada ya pointi za uzoefu hata likishindwa, na likishinda huongezewa fedha. Wafundishe wachezaji wako kutumia hali ya kuvizia, yaani mpiganaji aache zamu yake ili afyatue katika zamu ya adui, kwa kupunguziwa pointi moja tu ya shabaha. Kati ya aina za Spyrer, Malcadon anayetambaa kwenye mabomba na Yeld anayeruka kwa mabawa ni hatari kwa sababu huanza mbali na kumalizia miguuni pako. Ukiwa na bunduki nne zinazowasubiri njiani, safari ile inakuwa ndefu. Wafundishe pia kukimbia. Robo ya genge ikishaanguka, kanuni za 1995 zinamruhusu mchezaji kujiondoa kwa hiari, na dhidi ya Spyrer hakuna aibu katika hilo. Genge linalojiondoa na watu saba wazima ndilo litakalopigana juma lijalo.

Halafu kuna suala la fedha, ambalo wewe umeliona kama kasoro na mimi naliona kama kiini cha kikosi hiki. Chukua kinda wa genge la kawaida, kijana wa umri uleule na Spyrer. Kumwajiri ni fedha 25. Bastola yake ni fedha 10, na kisu anapewa bure. Kwa hiyo maisha yake yote na zana zake ni 35, katika genge linaloanza na 1,000. Analenga kwa shida, kwani hapati shabaha mpaka dadu itoe tano au sita. Akitolewa nje ya pambano, dadu mbili za majeraha zina matokeo 36, na sita kati ya hayo ni kifo. Mchezaji anayeshika penseli na kufuta jina la kinda wake anajua ni senti ngapi zimepotea. Mwenzake wa upande wa pili wa meza hajui kabisa, maana karatasi yake haina hata sehemu ya fedha. Usiizibe tofauti hiyo. Aliyeshiba hamjui mwenye njaa, na hapa kanuni zenyewe zimeliandika.

Binti wa Maktaba alijibu:

Naungana na mzee kuhusu kiapo. Napenda kuongeza kwamba wazo hili halikuzuka hewani, na mchezaji atakayewachezesha vijana hawa atanufaika akijua mifano miwili kutoka historia.

Wa kwanza ni wa Sparta ya kale. Kulikuwako desturi iliyoitwa krypteia, ambayo Plutarch, mwandishi wa Kigiriki, ameieleza katika kitabu chake cha maisha ya Lycurgus, mtunga sheria wa Sparta: vijana waliochaguliwa walipelekwa mashambani na jambia na chakula kidogo tu, wakajificha mchana, na usiku wakashuka barabarani kuwaua wahelote waliowakuta, yaani watumwa waliowalimia Wasparta mashamba. Kinachonishtua zaidi ni upande wa kisheria. Plutarch, akimnukuu Aristotle, anasema kwamba waefori, yaani maofisa wakuu wa Sparta, walipoingia madarakani waliwatangazia wahelote vita, ili kuwaua kusihesabiwe kuwa dhambi. Hebu liangalie hilo kisha uitazame Necromunda: ukoo unaomtuma mwanawe chini hauhitaji kusamehewa na mtu, kwa kuwa aliyeko chini hakuwahi kuhesabiwa.

Wa pili ni wa London mwaka 1712, wakati mji ulipojaa habari za genge lililoitwa Mohocks, lililosemekana kuwa la vijana wa familia bora waliokuwa wakilewa na kuwashambulia wapita njia usiku, wakiwakata nyuso. Hofu ilikuwa kubwa hata Malkia Anne akatoa tangazo la zawadi ya pauni 100 kwa atakayewezesha kukamatwa kwao. Wanahistoria hubishana ni kiasi gani cha habari hizo kilikuwa kweli na kiasi gani kilikuwa uvumi, na mimi naona ubishi huo ni zawadi kwa mwamuzi. Katika kampeni yako acha uvumi utangulie. Kabla Spyrer hawajaonekana mezani, waambie wachezaji kwamba walinzi wawili wameokotwa wakiwa wamefungwa kwa utando, na kwamba mlevi mmoja anaapa aliona kitu chenye mabawa juu ya daraja. Usiseme zaidi.

Mifano hii miwili inatofautiana. Krypteia ilikuwa amri ya dola na Mohocks walikuwa utundu wa ulevi. Spyrer wanasimama katikati, na kila mchezaji atachagua aegemee wapi. Yeye mwenyewe aamue kama kijana wake ametumwa au amejituma, maana mwenye kutumwa hukimbia haraka anapoumia, na mwenye kujituma ndiye anayebaki ukingoni akicheka.

Fundi wa Brashi alijibu:

Mimi sina ujuzi wa kampeni, nazungumzia rangi tu. Kosa la kawaida ni kuwapaka Spyrer uchafu uleule wa kutu na mafuta tunaoupaka Goliath na Orlock. Wafanye wasafi. Anza na rangi ya msingi nyeusi, panda hadi rangi ya mfupa au bluu nzito, kingo zipewe mstari mwembamba wa dhahabu, na mwisho pitisha vanishi ya kung'aa kwenye vazi lote. Kisha chukua kipande cha sponji chenye rangi ya kahawia, kikaushe kwenye karatasi, na uguse nyayo tu, usivuke kifundo cha mguu. Ukimweka kijana huyo safi juu ya kitako cha sanamu chenye vifusi na maji ya kijani, hadithi nzima inasomeka kutoka upande wa pili wa meza.

Kama mchezaji wako amepata zile sanamu za chuma za miaka ya tisini, mabawa ya Yeld hayatashikwa na supagluu peke yake. Toboa tundu la milimita moja pande zote mbili, pachika kipande cha waya, ndipo utie gundi. Mimi nilipuuza, na bawa liliangukia kwenye kikombe changu cha chai katikati ya pambano. Asiyetaka taabu hiyo anaweza kutafuta zile za plastiki zilizotoka katika sanduku la Hive Secundus mwaka 2024, ingawa kwa kanuni zenu za zamani itabidi mkubaliane ni nani analingana na nani.

Asiyeshawishika alijibu:

Kwa heshima zote, mimi nisingewaruhusu mikononi mwa mchezaji. Nimekaa upande wa kuwindwa, na baada ya pambano la tatu nilikuwa naja kwa adabu tu. Ziada ya uzoefu anayoisifu mzee ni nzuri kwenye karatasi, ila inamfaa mpiganaji aliyebaki hai. Wachezeshe wewe mwenyewe, ndugu mwamuzi. Pambano moja kati ya matano, bila kutangaza, Orrus, aina nyingine ya Spyrer, na wenzake wawili wajitokeze wakati magenge mawili yanapigania kisima, na wote wawili waamue papo hapo kama wataendelea kuuana au wataelekeza bunduki upande mmoja. Mchezaji wa Orlock aanze genge jipya kama watu wengine.

Mzee wa Outlanders alijibu:

Ndugu yangu, hoja yako ina uzito na sitaipinga kwa nguvu. Ninachoogopa ni kwamba mwamuzi akiwachezesha, wanageuka kuwa hali ya hewa. Mtu haichukii mvua. Anayepaswa kuchukiwa, kwa mzaha wa kirafiki, ni yule rafiki aliyekaa mbele yako akinywa soda huku akihesabu vichwa.

Mwamuzi wa Alhamisi alijibu:

Nawashukuru nyote. Nimechelewa kurudi kwa sababu nilitaka kwanza tujaribu, na juzi tumecheza pambano la pili. Nilichanganya ushauri wenu: Spyrer wako mikononi mwa mchezaji, kiapo chake ni cha mapambano sita na si manane, na karatasi imebandikwa ukutani. Uvumi ulitangulia kwa juma zima, na mchezaji wa Delaque alishaanza kuuza habari za uongo kwa wenzake.

Pambano la kwanza Escher walichapwa na wakajiondoa mapema. La pili lilikuwa dhidi ya Goliath. Kinda wake mmoja, wa zile fedha 35, alikuwa amewekwa katika hali ya kuvizia nyuma ya pipa, kwa kuwa mchezaji wake hakuwa na mahali pengine pa kumweka. Jakara, Spyrer mwingine, alipita juu ya daraja akiwa ameelekeza ngao yake ya kioo mbele, walikokuwa wapiganaji wakubwa wa Goliath, na ubavu wake ukabaki wazi. Kwa kuvizia kinda yule alihitaji sita, na sita ikaja. Risasi haikumjeruhi Jakara, ila alikuwa kwenye ukingo kabisa, akashindwa jaribio la wepesi, akaanguka hadi sakafuni, na dadu ya jeraha ikatoa sita nyingine, akatolewa nje ya pambano. Meza nzima ilisimama.

Goliath bado hajashinda, kwa sababu Orrus aliwafikia zamu mbili baadaye na ikabidi wakimbie. Lakini kinda amepona, amepata ziada yake ya uzoefu, na mchezaji wake ameomba ruhusa ya kumpaka alama ya kioo kilichovunjika begani. Fundi, unapendekeza brashi namba ngapi kwa alama ndogo kiasi hicho?

Fundi wa Brashi alijibu:

Namba moja yenye ncha nzuri inatosha. Usimnunulie ile ndogo ya sifuri tatu, rangi hukaukia kwenye ncha kabla haijafika begani.