Naombeni msaada: "bored" na "boring" zimeniaibisha

Kalamu Butu:
Wakuu, heshima kwenu. Jana kwenye kikao bosi kaniuliza kwa Kiingereza mbona niko kimya. Nikajibu kwa kujiamini: "I am boring." Watu wakaangua kicheko. Nilitaka kusema nimechoshwa na kikao (ambalo nalo si la kumwambia bosi, najua). Hivi haya maneno yanatofautianaje? Na "interested" na "interesting" ndiyo mchezo huohuo?

Mzee wa Sarufi:
Pole, mdogo wangu. Ulijitangaza kuwa wewe ni mtu wa kuchosha. Kisarufi sentensi yako haina kosa lolote, ndiyo maana walicheka badala ya kukusahihisha.

Tofauti hiyo unayo tayari kwenye Kiswahili. Kuchoka na kuchosha, kushangaa na kushangaza, kukasirika na kukasirisha. Hujawahi kuzichanganya hata siku moja. Anayepatwa na hali ni -ed, kinachomsababishia hali hiyo ni -ing. Kikao kilikuwa "boring", wewe ukawa "bored". Hizo nyingine ulizouliza ni hivyohivyo: kinachovutia ni "interesting", aliyevutiwa ni "interested", na huyo hufuatwa na "in".

Chipukizi:
Au kwa lugha ya vijana: kikao kinaboa, mimi nimeboeka. Kwisha habari.

Mzee wa Sarufi:
Hiyo ya Chipukizi inashika kichwani kuliko yangu.

Dada Mdadisi:
Shikamoo, Mzee. Naongeza kidogo, maana wengi tulikaririshwa kwamba -ed ni ya watu na -ing ni ya vitu. Nusu tu ndiyo kweli. Kikao hakiwezi kuwa "bored" kwa sababu hakina hisia, lakini mtu anaweza kabisa kuwa "boring", au "interesting" kama mazungumzo yake yananoga.

Halafu kuna vichwa ngumu. Anayeogopa ni "scared", ila kinachotisha ni "scary". Mwenye msongo ni "stressed", kinachomletea msongo ni "stressful". Hayo kariri tu.

Kalamu Butu:
Asanteni sana, nimeelewa. Sasa ndiyo nakumbuka barua yangu ya kuomba kazi hii hii niliyonayo. Niliandika "I am very interesting in this position".

Chipukizi:
Na wakakuita?

Kalamu Butu:
Wiki ileile.

Chipukizi:
Walitaka wakuone kwanza 😂